Tulipima Wakati wa Mbalamwezi

Asubuhi ya kongamano nilipiga magoti kwenye korido ya hoteli, mbele ya mlango wa ukumbi, nimevaa sketi ya kubana na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Mgeni mmoja kutoka chuo tunachoshirikiana nacho aliinama haraka kunisaidia kutafuta, akidhani nimeangusha hereni. Nilikuwa nasalimia. Mzee aliyesimama mbele yangu na kikombe cha chai mkononi ndiye aliyekuwa kiongozi wa utafiti wetu, ndiye msimamizi wangu wa masomo, na kwa hesabu za kwetu ndiye baba yangu.

Yeye na marehemu baba hawakuzaliwa tumbo moja. Ni wa ukoo wetu tu, muziro wetu, yaani mwiko wa ukoo, ni mmoja, na huko kijijini Ijumbi kibanja chao kimepakana na chetu, kiasi kwamba migomba yao huangukia upande wetu kila upepo ukizidi. Kwa Mhaya hiyo inatosha kabisa. Baba alipofariki nikiwa sekondari, yeye ndiye aliyekaa mbele na wazee wa ukoo, na yeye ndiye aliyemwambia mama kwamba nisiachishwe masomo ya sayansi. Namwita tata, yaani baba. Sijawahi kumwita kwa cheo chake hata mbele ya wanafunzi wenzangu, ingawa cheo anacho na anakipenda.

Juu ya hayo, alikuwa amekubali kukaa kwenye kiti cha baba siku ya posa yangu. Wakwe zangu watarajiwa ni watu wa Kishanda, wakulima wa kahawa, Wakatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi, na walikuwa wameshatuma mshenga kusema watakuja baada ya Krismasi. Watu wa namna hiyo hawaji kwenye nyumba isiyo na mwanaume wa kuwapokea. Mama alishaanza kuchagua migomba ya kutengenezea lubisi, pombe yetu ya ndizi.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini nilikuwa nimebanwa. Mtu akiwa msimamizi wako tu, unaweza kumbishia kwa adabu, na wenzangu walikuwa wanawabishia wa kwao kila siku. Akiwa baba yako tu, unaweza kupitia kwa mama. Akiwa vyote viwili, na posa yako imo mfukoni mwake, huna mlango wa kutokea.

Utafiti wetu ulikuwa wa malaria, kwenye kisiwa kimoja cha Muleba kinachokaliwa na wavuvi wa dagaa waliotoka kila upande wa ziwa, na wengine hata hawakutoka ziwani. Tuliwatoboa watu vidole, tukachukua tone la damu, tukatafuta vimelea. Kisha tukamuuliza kila mmoja swali ambalo watafiti wa malaria huliuliza kila mahali: jana usiku ulilala ndani ya chandarua? Majibu yalitushangaza kwa uzuri wake. Karibu kila mtu alikuwa amelala ndani ya chandarua, na wenye vimelea walikuwa wachache kuliko tulivyowazoea kwenye vijiji vya nchi kavu. Wenzetu wa nje walituma barua pepe za pongezi. Tata alitununulia soda na sambusa ofisini, jambo ambalo halifanyi kirahisi.

Kisiwa kile hakina zahanati. Kila wiki inakuja boti yenye muuguzi, mtu wa maabara na sanduku la dawa, inatia nanga asubuhi na kuondoka alasiri. Wilaya ilikuwa na boti hiyo moja, na vijiji vya mwambao vilikuwa vinalalamika kwamba visiwani kunapendelewa. Kila mtu kwenye mradi alijua kwamba matokeo yetu yakishasomwa kwenye kongamano, boti itahamishwa. Walikuwa wanasubiri tu sababu yenye chati.

Mimi boti ile nilikuwa nikiijua kwa mtu. Kila tulipokwenda kisiwani nililala kwa mama mmoja anayeanika dagaa, mwanamke wa maneno mengi mwenye binti mdogo ambaye bado alikuwa hajaanza shule. Binti huyo alipata degedege siku ambayo boti ilikuwa imefika, na muuguzi akamchoma sindano pale pale mchangani huku mama yake ameshika kichwa. Nilikuwepo. Siku nyingine yoyote ya wiki ile, yule mtoto angepakiwa kwenye mtumbwi, na sijui angefika wapi.

Sasa kuhusu tarehe. Zilipangwa kabla sijajiunga na mradi, na zilipangwa vizuri kwa mtazamo wa mtu wa ofisini. Viongozi wa kisiwa walishauri twende wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa ndipo watu wanapatikana, hawasinzii mchana, na wana subira ya kujibu maswali ya watu wenye vishikwambi. Timu ilishukuru ikaandika tarehe. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu wanapatikana wakati huo. Tulikuwa watoto wa migomba, timu nzima. Kwetu mwaka unakwenda kwa mvua, kwa kahawa na kwa senene. Mwezi angani ni taa ya bure ya kurudia nyumbani kutoka harusini. Dagaa tunawajua wakiwa sokoni, wamekauka, wanapimwa kwa kopo.

Ilibidi twende kisiwani tena kutoa mrejesho, yaani kuwaambia watu kile tulichokipata kwao. Safari ilipangwa mbalamwezi kama kawaida, lakini tata alikuwa na mkutano nje ya nchi, tarehe zikasogezwa, na mwishowe nikatumwa peke yangu kuutoa. Nilifika jioni. Nilipanda kutoka gatini nikiwa na begi na ndizi ambazo mama alinipa nimpelekee mwenyeji wangu, na nikajikuta natembea kinyume na kisiwa kizima. Wanaume wote walikuwa wanateremka. Wamebeba taa, betri, nyavu, makoti ya plastiki, wengine wanakula wakitembea. Nilisimama pembeni kuwapisha, na walipokwisha kupita kijiji kilibaki cha wanawake na watoto.

Ndani kwa mwenyeji wangu, chandarua cha upande wa mumewe kilikuwa kimefungwa fundo juu ya kitanda. Alfajiri niliamka nikakuta hata upande wake mwenyewe ni mtupu. Alikuwa ameshateremka ufukweni na beseni, pamoja na binti aliyeviringishwa kwenye kanga, na wanawake wenzake wamekaa mchangani wakisubiri mitumbwi irudi, wanapiga soga na kujipiga mbu miguuni. Nilikaa nao. Nilimuuliza kama ni hivi kila siku. Akanishangaa, akasema ni hivi kila giza, ila mbalamwezi wanapumzika kwa sababu mwanga ukiwa angani dagaa hawazifuati taa. Akaongeza, kwa kunitania, kwamba mimi humjia wakati wa raha tu, kama mkwe.

Alicheka, na mimi nilicheka naye. Swali letu lilikuwa la jana usiku. Tuliwakuta kila mara kwenye siku zao za kupumzika, tukawauliza walilala wapi jana, wakatujibu ukweli, nasi tukauandika ukweli huo kana kwamba ndio maisha yao. Hata damu ilitudanganya. Mvuvi anayejisikia vibaya, mama yule aliniambia, huvuka kwenda kutibiwa mbalamwezi, maana ndipo hapotezi kazi. Tuliobaki kuwatoboa vidole walikuwa wale wazima.

Mrejesho niliufanya kwa kigugumizi, nikarudi Bukoba na boti ya kwanza. Nilimkuta tata ofisini, nikapiga magoti, nikasimama, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, hilo lazima niliseme. Alivua miwani na kuifuta kwa tai, akauliza maswali mawili matatu ya maana, akatazama dirishani ambako hakukuwa na kitu ila kuku wa majirani.

"Umeona kitu cha kweli," alisema. "Lakini hili halisemwi ukumbini. Tutaliandika kwenye makala, taratibu, kwa lugha yake. Ukilisema pale, wenzetu wataona hatujui hata kupanga tarehe, na awamu ya pili hatutaipata."

Nikamuuliza kuhusu boti.

"Boti ni ya wilaya, mwanangu. Sisi tunapima."

Aliniambia niweke sentensi moja kwenye slaidi ya mapungufu, fupi, na nisiifafanue mpaka niulizwe. Nilimshukuru. Nilitoka nikiwa nimemshukuru, na nilipofika nyumbani Ijuganyondo, ambako nimepanga chumba kwenye nyumba ya mjane mmoja mwenye mbuzi, damu ilikuwa inanichemka mpaka nikaunguza ndizi kwenye sufuria. Nilijikasirikia zaidi kuliko nilivyomkasirikia yeye. Nimesoma miaka yote hiyo ili niweze kusema "hapana, si hivyo" kwa ushahidi, na siku ushahidi umepatikana nikasema "asante, tata".

Basi likaja kongamano. Kwenye ratiba lilikuwa kongamano la ushirikiano wa afya, lenye wageni, wataalamu wa mkoa na wilaya, na kikao maalumu cha wanasayansi chipukizi, jina lililotufanya tujisikie tumepandwa juzi. Kila mmoja wetu alipewa dakika chache na kengele ya kumnyamazisha. Koridoni palikuwa na vituko. Mwenzangu aliyetafiti kichocho alikuwa anatembea mbele ya vyoo akijihutubia, mpaka watu waliotaka kuingia wakawa wanasubiri amalize. Mwingine alikuwa amechapisha bango lake Mwanza, likafika picha za damu zimegeuka zambarau, naye ameshika mfuko wa plasta hajui abandike au akimbie. Niliwaonea wivu wote. Shida zao zilikuwa za plasta.

Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa upande wa ziwa, lakini yalifungwa kwa ajili ya kiyoyozi na mapazia yakashushwa kwa ajili ya projekta. Tulikaa mle gizani karibu kabisa na maji bila kuyaona. Tata alikaa mstari wa mbele, katikati ya mkuu wa ujumbe wa wageni na bwana mmoja wa wilayani anayeshughulika na mipango ya afya. Nilipoitwa nilipita mbele yao, na kwa mazoea nikamwinamia kidogo, naye akanitikisia kichwa kwa upendo. Upendo ule ndio ulioniumiza. Ningekuwa na msimamizi katili ningepumua.

Nilianza vizuri. Sauti ilitulia, chati zikaja moja baada ya nyingine, nzuri, na vijiti vya buluu virefu vya vyandarua. Niliona watu wanapiga picha za chati na simu zao. Nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo slaidi zilizobaki kufika ile ya mapungufu, na nilikuwa nimeamua kwamba nikifika pale sitaisoma tu sentensi, nitasimama juu yake. Nilibonyeza. Ikaja slaidi ya shukrani, yenye nembo za washirika wote zimepangwa kama vifungo vya shati. Nikarudi nyuma, nikabonyeza tena. Shukrani. Niligeuka kumtazama tata, naye alikuwa anatazama skrini kwa utulivu, na nikaelewa kwamba slaidi zangu zilipitiwa jana yake baada ya mimi kuzituma, na ile ya mapungufu ikaondolewa. Nilisema asanteni kwa kunisikiliza. Walipiga makofi na kengele haikuhitajika.

Nilitaka kushuka, lakini utaratibu ulinitaka nibaki kwenye mimbari kwa maswali. Bwana wa wilayani alisimama. Alikuwa mtu mpole, na alitusifu kwa kirefu, kisha akauliza kwa Kiswahili ili kusiwe na kupindapinda. Kwa matokeo haya, je, kisiwa kile kinaweza kuendelea bila boti? Aliliuliza kwa kumtazama tata. Mimi nilikuwa nimesimama na kipaza sauti mkononi, na swali likanipita kando.

Tata alipokea kipaza sauti kingine bila kusimama. Alisema kwamba kwa takwimu zilizopo kisiwa kinafanya vizuri sana, pengine kuliko baadhi ya vijiji vya nchi kavu, na kwamba uamuzi ni wa wilaya. Kila neno lilikuwa sahihi. Bwana wa wilayani aliandika. Nilimwona akiandika, na nikamwona yule mama mchangani ameshika kichwa cha mtoto, na sindano haipo.

Mwendesha kikao, mama mmoja mhadhiri mwenye sauti ya redio, akanigeukia kwa sababu ratiba ilisema anigeukie.

"Mtoa mada, una la kuongeza?"

Sasa, mtu wa mahali pengine atasema: si ungesema tu? Kipaza sauti unacho, watu wanakutazama. Lakini binti wa Kihaya haongezi juu ya maneno ya baba yake mbele ya wageni. Akiongeza, hata akisema kweli tupu, kinachosikika ni kwamba amemwambia baba amesema uongo. Nusu ya ukumbi ule walikuwa Wahaya na wangesikia hivyo hivyo. Habari ingefika Ijumbi kabla yangu, na Kishanda kabla ya Ijumbi. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Nakumbuka nilitazama mlango wa nyuma na kuona kwamba mtu ameuegemea.

Sijui ni nini kilichonishusha kutoka kwenye mimbari. Sikupanga, na kama ningepanga nisingethubutu. Niliweka kipaza sauti mezani, nikateremka, nikaenda mpaka mstari wa mbele na nikapiga magoti kwenye zulia la hoteli, mbele ya tata, na sketi ile ya kubana ikachanika pembeni kwa sauti iliyosikika. Nilimwambia kwa Kihaya, kwa maneno ambayo binti humwambia baba anapotaka ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa, na nikamalizia na waitu, neno letu la heshima, na nikainamisha kichwa.

Kwetu mtu akikupigia magoti mbele ya watu, huwezi kumwacha pale chini bila neno. Na akiomba kusema, kumnyima ni aibu yako, si yake. Hilo nililijua na yeye alilijua, na Wahaya wote mle ndani walilijua, kwa maana nilisikia viti vikisogezwa ili watu waone vizuri. Wageni hawakujua lolote. Mmoja alipiga picha.

Sikuweza kumwona usoni. Niliona viatu vyake tu, vilivyopigwa rangi vizuri, na kiatu kimoja kikasogea nyuma kidogo. Alichelewa. Alichelewa mpaka magoti yakaanza kuniuma.

"Gamba," alisema mwishoni. Sema.

Nilisimama, nikamgeukia bwana wa wilayani na sikurudi kwenye mimbari, kwa hofu kwamba nikitembea ujasiri utaniishia njiani.

"Tulipima wakati wa mbalamwezi," nilisema. "Kila safari. Wakati huo wavuvi hawaendi ziwani, wanalala nyumbani ndani ya vyandarua, na wagonjwa wanakuwa wamevuka kwenda kutibiwa. Usiku wa giza wanaume wako majini na wanawake wako ufukweni na watoto. Hao hatujawapima. Msiiondoe boti kwa ajili ya chati yetu."

Yule mgeni mkuu akaomba atafsiriwe, akatafsiriwa, akasema "oh" ndefu na kuanza kuandika haraka. Bwana wa wilayani alikata mstari kwenye alichokuwa amekiandika. Alisema, tena kwa upole, kwamba basi boti itabaki mpaka tupime tena kwenye giza. Mwendesha kikao akagonga kengele. Nilikaa kwenye kiti cha karibu nikiwa nimeshika mpasuko wa sketi kwa mkono, na mwenzangu wa kichocho, ambaye alikuwa anafuata, alikwenda mbele akasahau kila kitu alichokikariri kule vyooni.

Tata hakunigombeza. Wakati wa chakula alikaa na wageni, nami nikakaa na wenzangu ambao walikuwa wananipigapiga mgongoni na kuniita shujaa, jina ambalo sikulitaka. Jioni nilimsubiri karibu na gari lake. Alipofika nikaanza kuinama, na kabla goti halijafika chini alinyoosha mkono. Alinipa mkono kama anavyompa mkuu wa maabara, au dereva, au mtu yeyote wa kazini. Nikaushika kwa kuwa ulikuwa umeshanyooshwa. Akasema, kwa Kiswahili, "Tutaonana ofisini, mwenzangu," akaingia kwenye gari.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ikawa mkono. Kila asubuhi magoti yangu yalianza na mkono wake ukayawahi. Wenzangu waliona nimepandishwa daraja. Mmoja aliniambia kwa dhati kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa kati ya wasomi, na kwamba mambo ya kupigiana magoti yamepitwa na wakati. Nilimjibu vibaya na sijutii. Yeye hakuwahi kupoteza baba mara mbili.

Tulirudi kisiwani wakati wa giza na tukapima upya, mchana, watu wakisinzia huku tunawauliza, na wakitujibu kwa hasira. Vijiti vya buluu vilishuka kama nilivyotarajia, na damu nayo ikasema mengine. Boti ilibaki. Mwenyeji wangu alinitania kwamba safari hii nimekuja wakati wa kazi, basi nibebe beseni, na nikabeba.

Nyumbani Ijumbi nilimwambia mama yote, kwa kuwa habari alishaipata imepikwa vingine. Alikuwa anamenya ndizi. Aliniuliza kama kweli tata hanikubali tena nikipiga magoti, nikamwambia ananipa mkono. Kisu kilisimama. Kisha akaendelea kumenya akasema itabidi tufikirie nani atakaa kwenye kile kiti, na hakusema zaidi. Siku zote za sikukuu nilikuwa nikimtazama akipita kwenye uzio wa kibanja cha jirani kuchungulia kama gari limekuja.

Lilikuja asubuhi ya posa. Tata aliingia amevaa kanzu na koti, akakaa kwenye kiti cha baba bila kuelekezwa. Watu wa Kishanda walifika wakapewa akamwani, zile buni za kutafuna, wakapewa lubisi, na mazungumzo yakaenda kama yanavyokwenda, yaani kuzunguka kila kitu isipokuwa kilichowaleta. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi zangu, nasikia kila neno kupitia mlangoni. Wakwe waliuliza, kwa heshima, binti anafanya kazi gani hasa huko Bukoba. Ndipo tata alipoanza.

Aliwasimulia habari ya kisiwa. Anasimulia vizuri kuliko mimi, lazima nikiri. Aliweka upepo, aliweka taa za wavuvi, aliweka wanawake mchangani wanajipiga mbu. Alisema kwamba timu ilikuwa inakwenda kila mbalamwezi na kufurahia matokeo, na yeye akawa hana amani. Kuna kitu, alisema, kilikuwa kinamkera. Siku moja akaagiza safari ifanywe kwenye giza. Akawauliza wakwe kama wanajua alichokigundua, nao wakasema hawajui, akawaambia, na nikasikia wazee wa Kishanda wanaguna kwa kustaajabu na mmoja anasema kweli kusoma ni kuona. Alisema hata wilaya ilitaka kuondoa boti na akawazuia. Shangazi mmoja alinitazama. Nilikuwa nimeuma kona ya kitenge.

Kisha wakaniita. Nilitoka nimefunikwa, nikapiga magoti kwenye mkeka mbele ya wakwe, halafu mbele yake, na safari hii mkono haukuja. Aliniacha nifike chini. Alinijibu salamu yote, kwa Kihaya, kwa ukamilifu, mpaka mwisho wake, kama alivyokuwa akinijibu tangu nikiwa msichana wa shule. Machozi yalinijia na wakwe wakafurahi, maana posa bila machozi ya binti haipendezi. Aliwaambia kwamba huyu ndiye binti yake, ndiye anayefanya naye kazi ile aliyowasimulia. Akanitazama. Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri, na mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kahawa.

"Una la kuongeza?" aliniuliza.

Wakwe walicheka, wakidhani ni utani wa posa. Nilikuwa nayo mengi, tangu lile zulia la hoteli mpaka ule mkono wa kila asubuhi. Nilitazama viatu vyake.

"Sina, tata," nilisema, na mama akaanza kugawa kahawa.